Mji Unaokuzeeshea Mvinyo

Mvinyo mwekundu wa Rioja wenye umri wa miaka 25 huanza kwa kumvunja moyo aliyezoea mivinyo michanga. Anaumimina, anainua glasi, anakuta wekundu uliofifia, wa matofali ya siku nyingi, na pale ukingoni rangi imeshageuka hudhurungi yenye uchungwa kwa mbali. Akiweka gazeti nyuma ya glasi anaweza kusoma kichwa cha habari. Ananusa, haipati ile harufu ya matunda inayomrukia mtu puani. Anaonja, haumkabi koo. Anaikumbuka bei aliyolipa, na kama ni mtu mkweli atauliza: ndiyo hii?

Swali lake ni la haki, kwa sababu umri peke yake si sifa ya mvinyo. Sehemu kubwa ya mivinyo inayouzwa duniani imetengenezwa ili inywewe ndani ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Ukiifungia kabatini miaka kumi utaikuta imechoka. La kuvunda halina ubani: mvinyo uliozaliwa dhaifu hauokolewi na uzee. Uzee unaifaa mivinyo michache, na kaskazini mwa Hispania wako watu walioamua kwamba kazi ya kuuzeesha ni yao, si ya mnunuzi.

Hapo ndipo Rioja inapoachana na wenzake. Watengenezaji wakubwa wa Bordeaux, Ufaransa, kwa kawaida humuuzia mteja mvinyo mchanga na kumwachia kazi ya kungoja. Ukitaka kuufungua baada ya miaka 20, ghala utalitafuta wewe, na wasiwasi utaubeba wewe. Rioja ya jadi inangoja kwa niaba yako. Chupa inafika dukani ikiwa tayari kwa meza, na bei yake ina ndani yake kodi ya pango ya miaka yote ambayo mvinyo ule ulilala kwenye ghala la mtu mwingine bila kuingiza senti.

Ghala hizo nyingi ziko Haro, mji mdogo karibu na mto Ebro, upande wa magharibi wa jimbo. Milima ya Sierra de Cantabria inasimama kaskazini na kuukinga mji na ukali wa hewa ya Atlantiki. Uko mtaa pale unaoitwa Barrio de la Estación, mtaa wa stesheni, ambamo kampuni kadhaa za mvinyo zimepangana hatua chache kutoka reli. Sababu ilikuwa biashara tu. Reli ilipofika katika miaka ya 1860 na kuiunganisha Haro na bandari ya Bilbao, mwenye ghala kando ya stesheni alipakia mapipa yake moja kwa moja kwenye behewa.

Wazo la kuuweka mvinyo kwenye mapipa madogo ya mwaloni, yenye lita 225, lilitoka Bordeaux. Luciano Murrieta, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marqués, alianza kulifanyia kazi Rioja mwaka 1852. Marqués de Riscal akafuata mwaka 1858 kule Elciego, na haikupita miaka mingi akapatikana fundi Mfaransa, Jean Pineau, wa kuwafundisha wakulima wa Álava, mkoa ilipo Elciego. Wengi wao hawakuvutiwa. Mapipa yalikuwa ghali, na kungoja ni ghali zaidi.

Kilichowabadilisha mawazo ni mdudu. Filoksera, kijidudu kinachofyonza mizizi ya mzabibu, kiliingia Ufaransa kutoka Amerika katika miaka ya 1860 na kuteketeza mashamba wilaya baada ya wilaya. Wafanyabiashara wa Bordeaux, wakiwa na wateja lakini hawana mvinyo, wakavuka milima ya Pyrenees kutafuta wa kununua. Waliupata Rioja, na waliuwekea masharti ya ladha waliyoizoea. Katika wimbi hilo zilizaliwa kampuni ambazo mpaka leo majina yake yako kwenye chupa: R. López de Heredia mwaka 1877, iliyoanzishwa na kijana mzaliwa wa Chile. CVNE mwaka 1879. La Rioja Alta mwaka 1890. Karne ilipokuwa inakatika, filoksera ikafika Rioja nayo. Wakati huo Wafaransa walikuwa wameshapandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yasiyodhurika na mdudu huyo, na hawakuwa na haja tena na jirani. Waliondoka, mapipa yakabaki.

Na mapipa yenyewe hayakuwa ya mwaloni wa Ufaransa. Kwa kuwa meli za Hispania zilikuwa zikienda na kurudi Amerika, mbao za mwaloni mweupe wa kule zilipatikana kwa bei nafuu, na Rioja ikazizoea hadi zikawa sehemu ya ladha yake. Hapa msomaji wa pwani yetu ana faida ambayo hata waonjaji wengi wa Ulaya hawana. Mwaloni wa Kimarekani umejaa kemikali za jamii ya laktoni, na harufu ya laktoni hizo ni ya nazi. Pipa linapochomwa kwa moto ndani wakati wa kulikunja, ubao hutoa vanilini, ile ile inayofanya vanila inukie, pamoja na eujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Rioja ya zamani inanukia nazi, vanila na karafuu, hajatunga wala hajapamba. Kilichomo puani mwake ni kemia ile ile ya jikoni Pemba. Mtu aliyekuna nazi tangu utotoni anaweza hata kukuambia ni nazi ya namna gani, na nimeona mara nyingi kwamba mvinyo mchanga hunukia nazi mbichi iliyokunwa sasa hivi, ilhali wa miaka mingi hunukia mbata. Vitabu vya uonjaji vilivyoandikwa London haviwezi kukupa tofauti hiyo.

Lakini mbao si kila kitu, na ndiyo maana nyumba za jadi hazipendi mapipa mapya. López de Heredia, ambayo ni mfano mkali kuliko yote, ina mafundi wake wa mapipa ndani ya kiwanda, na kazi yao kubwa ni kukarabati na kuyadumisha ya zamani. Pipa lililotumika miaka mingi limeshatoa harufu yake karibu yote. Kazi linayobaki nayo ni kupitisha hewa kidogo mno kupitia mbao, mwaka baada ya mwaka, na hewa hiyo ndiyo inayoulainisha mvinyo. Takriban mara mbili kwa mwaka mvinyo huhamishwa kutoka pipa hadi pipa ili uachane na mashapo yake. Fundi huweka mshumaa nyuma ya mvinyo unaotiririka na kusimamisha kazi mara tu anapoona unaanza kuwa na ukungu. Kabla ya kutiwa kwenye chupa husafishwa kwa ute wa mayai, ambao hushika chembe zinazoelea na kuzama nazo. Ghalani kuna utando wa buibui umening'inia kila mahali, mweusi na mnene, na hakuna anayeufagia: buibui wanakula nondo wanaotaga kwenye vizibo. Mgeni hudhani ni uchafu au ni maonyesho kwa ajili ya watalii.

Mvinyo mkubwa wa nyumba hiyo unaitwa Viña Tondonia, kwa jina la shamba lililopandwa miaka ya 1913 na 1914 kwenye ukingo wa kulia wa Ebro. Gran Reserva yake, daraja la uzee mrefu kuliko yote, hukaa kama miaka 10 kwenye mapipa, kisha miaka mingine mingi kwenye chupa. Ile ya mavuno ya 2001 ilipoingia sokoni ilikuwa imekaribia umri wa miaka 20. Fikiria daftari la mhasibu wa kampuni hiyo.

Sheria haitaki yote hayo. Kwa kanuni za Rioja, mvinyo unaoitwa Crianza lazima uwe na miaka miwili, mmojawapo ndani ya pipa. Reserva ni mitatu, angalau mmoja pipani na miezi sita ndani ya chupa. Gran Reserva ni mitano, miwili pipani na miwili ndani ya chupa. Anayetaka kuvuka viwango hivyo avuke kwa gharama zake. Mnunuzi naye hahitaji kujua Kihispania: ageuze chupa atazame lebo ndogo ya nyuma. Ya Crianza ni nyekundu, ya Reserva ni nyekundu iliyoiva hadi kukaribia zambarau, ya Gran Reserva ni bluu. Ule wavu wa waya wa rangi ya dhahabu unaovishwa baadhi ya chupa usikubabaishe. Marqués de Riscal aliuanzisha ili wajanja wasitoe mvinyo wake na kujaza mwingine ndani ya chupa yake. Leo ni pambo, na unavishwa mvinyo mzuri na mbaya bila ubaguzi. Tahadhari nyingine: La Rioja Alta wana Gran Reserva mbili ziitwazo 904 na 890. Namba hizo zinaenzi miaka ya 1904 na 1890 katika historia ya kampuni. Mwaka wa mavuno umeandikwa mahali pengine, kwa hiyo asije mtu akakuuzia 904 kama mvinyo wa mkoloni.

Mwaka wa mavuno una maana kubwa zaidi Rioja kuliko tulivyozoea. Dodoma mzabibu haulali, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Rioja mzabibu hulala majira ya baridi, huchipua wakati ambao barafu bado inaweza kuuunguza, na kila kitu hutegemea mavuno moja ya Septemba na Oktoba. Mvua ikija wiki mbaya, mwaka umekwenda. Ndiyo maana wapenzi wa Rioja wanataja miaka kama mashabiki wa mpira wanavyotaja fainali: 1964 kwanza, kisha 1994 na 1995, 2001, 2004, 2005, 2010. CVNE Imperial Gran Reserva ya 2004 ilitajwa na jarida la Marekani la Wine Spectator kuwa mvinyo wa mwaka 2013, wa kwanza wa Hispania kupata nafasi hiyo, na Castillo Ygay ya 2010, kutoka kwa Marqués de Murrieta, ikaipata mwaka 2020. Tuzo za namna hii hupandisha bei kuliko zinavyopandisha ladha, lakini angalau safari hizo mbili walichagua vizuri.

Ndani ya chupa ndipo kunatokea jambo ambalo macho ya mnywaji wetu wa mwanzo yaliliona bila kulielewa. Rangi ya mvinyo mchanga inatoka kwenye ganda la zabibu, katika kemikali ziitwazo anthosiani. Ukakasi wake unatokana na tanini za ganda, mbegu na mbao. Aliyekula bibo la korosho ulimi ukamkauka anazijua tanini. Miaka inavyokwenda, anthosiani na tanini hushikana, hukua, na zinapozidi uzito huzama chini na kuwa mashapo. Kwa hiyo rangi inachujuka na ukakasi unalainika kwa pamoja, kwa sababu moja. Uchachu hauzami. Huo ndio unaoushika mvinyo usilale, na ndiyo maana zabibu ya Tempranillo, malkia wa Rioja isiyo na uchachu mwingi, huchanganywa na kidogo cha Graciano na Mazuelo. Zabibu hizi mbili hazitajwi sana kwenye matangazo, lakini mvinyo wa miaka 30 unaposimama wima, nusu ya shukrani ni zao.

Kufungua chupa ya umri huo kunataka subira ya siku moja. Isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatulie chini. Kizibo cha miaka 25 kimelowa na kulegea. Kizibuo cha kawaida, kikiendeshwa kwa pupa, kitakivunja katikati. Wenye kuzizoea chupa hizi hutumia kizibuo chenye bapa mbili nyembamba zinazoteremshwa kando ya kizibo, kisha wanakizungusha huku wanakivuta taratibu. Kikivunjika, si msiba: chuja kwa kitambaa safi. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono usiotetemeka, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa, na uache mara uonapo uzi wa mashapo unasogea. Usiuache jagini kwa saa nyingi, kama inavyofanyiwa mivinyo migumu michanga. Mzee huyu hewa ameshaipata pipani, na akipata nyingi kwa ghafla anaweza kuzima mbele yako.

Kuhusu joto, ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya ambazo zilikuwa na baridi. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kina nyuzi 30, na katika joto hilo spiriti huja mbele na kila kingine kinajificha. Kati ya nyuzi 16 na 18 panatosha, maana yake zaidi ya saa moja ya jokofu kabla ya kumimina. Ambalo jokofu haliwezi kutengeneza ni madhara ya zamani. Mvinyo uliosimama miaka miwili kwenye rafu ya duka lenye jua, au uliokaa ndani ya kontena bandarini katika joto la Februari, umeshazeeka uzee mbaya. Ukiiona chupa ghali imesimamishwa dirishani, kizibo kikiwa kimejitokeza kidogo au lebo ikiwa na michirizi ya mvinyo uliovuja, iache. Mwenye kuishi Lushoto, Arusha au Limuru anaweza kuthubutu kuweka chupa mbili tatu ndani ya kabati la giza. Wa pwani anunue na kunywa.

Halafu kuonja. Glasi ya kwanza karibu kila mara inadanganya. Kunaweza kuwa na harufu ya chumba kilichofungwa. Ipe dakika kumi. Ikiwa harufu hiyo ni ya kadibodi iliyolowa na inazidi badala ya kupungua, kizibo kimeuharibu mvinyo, na hakuna dawa. Vinginevyo vitu vinaanza kutoka kimoja kimoja: tini kavu, ganda la chungwa lililokaushwa, jani la tumbaku, ngozi, udongo uliopata mvua ya kwanza, na ile mbata na karafuu nyuma yake. Usijilazimishe kuvitaja vyote. Wapo watu wanaosoma orodha ya harufu kabla ya kunusa, na hao hunusa orodha. Kwa maoni yangu kipimo cha maana kinakuja baada ya kumeza. Mvinyo mchanga wenye nguvu hupiga kelele mdomoni, kisha kimya. Rioja nzuri ya zamani huingia kwa upole, halafu ladha inaendelea kutembea ulimini muda mrefu baada ya kumeza, uchachu ukiwa bado mwepesi na tunda likiwa bado lipo, japo kavu. Lisipokuwepo tunda hata kidogo, vikabaki ubao na uchachu, mvinyo umekufa, na heshima kwa umri wake isikufanye ujifanye unaufurahia.

Huko kwao huliwa na vipande vidogo vya mbavu za mwanakondoo vilivyochomwa juu ya makaa ya matawi ya mizabibu iliyopogolewa, kwa chumvi tu. Mbuzi wetu wa kuchoma anaingia bila shida, mradi pilipili na ndimu visogezwe pembeni kidogo. Mvinyo wa umri huu hauna misuli ya kupigana na pilipili mbuzi.

Si kila mtu Rioja anakubaliana na njia hii. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 kizazi kipya kilisema kwamba mapipa ya muda mrefu yanafunika udongo na shamba, wakanunua mwaloni mpya wa Ufaransa, wakavuna zabibu zilizoiva zaidi, wakatoa mivinyo myeusi, mizito, yenye spiriti nyingi. Wengine waliacha kabisa kuandika Reserva na Gran Reserva, na kampuni ya Artadi ikajitoa kwenye mamlaka ya Rioja mwishoni mwa mwaka 2015. Hoja yao moja ni ya kweli: ngazi za Crianza hadi Gran Reserva hupima miaka, hazipimi shamba, na mvinyo wa zabibu za kawaida ukikaa miaka mitano unapata lebo ya bluu vile vile. Mamlaka ilijibu mwaka 2017 kwa kuanzisha daraja la Viñedo Singular, kwa mvinyo wa shamba moja mahsusi. Hata hivyo mingi ya ile mivinyo myeusi ya miaka ya 1990, iliyosifiwa sana ilipotoka, leo inaonekana imechoka mapema, wakati Tondonia na 904 za miaka ile ile bado zinasimama.

Anayetaka kuanza asianze na chupa ya 1964 kutoka mnada. Chupa hizo bado zipo sokoni, lakini baada ya miaka 60 kila moja ina historia yake ya ghala na safari, na mbili za sanduku moja zinaweza kutofautiana hadi moja ikawa ya ajabu na nyingine ikamwagwa. Ukipata nafasi ya kuuliza chupa imelala wapi miaka yote, uliza, na jibu likiwa la kubabaika, weka hela mfukoni. Salama zaidi ni Reserva ya nyumba ya jadi yenye umri wa miaka 10 au 12, iliyotoka ghalani kwa mtengenezaji juzijuzi. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya Gran Reserva, ina nazi, ina tini, ina uchachu wake. Ipozeni kwanza, muwe watu wanne, na msimalize chupa ndani ya dakika ishirini.